Kutoaminiana, Amana na Hiana: Historia ya Neno na Matumizi Yake katika Jumuiya ya Afrika Mashariki

Ikisiri

Neno "kutoaminiana" limezoeleka katika maelezo ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na bado linasikika kila nchi wanachama zinapokwaruzana. Makala hii inafuatilia maana ya neno hilo kuanzia shina lake hadi matumizi yake katika siasa za ukanda, na kulilinganisha na maneno mawili ya zamani zaidi yaliyo karibu nalo, yaani amana na hiana. Hoja inayotetewa ni kwamba kutoaminiana si chanzo bali ni masalio: hubaki baada ya amana kuzuiwa au kuliwa. Aidha, umbo la neno lenyewe huficha nani alikabidhi, nani alikabidhiwa na nini hakikurudishwa. Ufiche huo umesaidia upatanisho, lakini umewagharimu wale ambao amana zao hazikuwa na mtetezi mezani. Makala inahitimisha kwa kueleza faida ya tofauti hii ya maneno kwa watunga sera wa leo.

1.0 Utangulizi

Katika historia ya ushirikiano wa Afrika Mashariki, kuna neno ambalo hutumika pale maelezo mengine yanapokwisha. Jumuiya ya kwanza ilivunjika kwa nini? Kwa sababu ya kutoaminiana. Shirikisho la kisiasa halikuundwa mwaka 1963 kwa nini? Kwa sababu ya kutoaminiana. Bidhaa zimekwama mpakani kwa nini? Nchi hazijaaminiana. Jibu hili halina uongo, lakini lina upungufu: linafunga mjadala mahali ambapo ulipaswa kuanza.

Jambo la kwanza la kuzingatiwa ni kwamba Mkataba wa Kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999 wenyewe haukutoa jibu hilo. Dibaji yake inataja sababu kuu za kuvunjika kwa Jumuiya ya awali: ukosefu wa utashi thabiti wa kisiasa, ushiriki hafifu wa sekta binafsi na asasi za kiraia, mgawanyo wa manufaa usiolingana uliotokana na tofauti za maendeleo, na kukosekana kwa sera za kutosha za kuirekebisha hali hiyo. Kutoaminiana hakumo katika orodha. Hata hivyo, Ibara ya 6 inapoorodhesha misingi mikuu ya Jumuiya mpya, kuaminiana ndiko kunakotangulia, kukifuatwa na utashi wa kisiasa na usawa wa mamlaka ya nchi. Waandishi wa Mkataba, kwa maneno mengine, hawakuliona pengo la imani kuwa maelezo ya kilichovunjika, bali walikuona kuaminiana kuwa sharti la kitakachojengwa. Tofauti hiyo haikuwafikia wengi wanaolitumia neno hilo katika hotuba na taarifa.

Makala hii inaanza na neno lenyewe, kwa kuwa Kiswahili kina namna yake ya kupanga maana za kuamini na kutoamini. Kisha inaangalia vipindi vinne: miaka ya ukoloni na ya mwanzo wa uhuru, Jumuiya ya 1967 hadi 1977, upatanisho uliokamilika mwaka 1984, na Jumuiya iliyohuishwa mwaka 1999.

2.0 Shina la neno na jamaa zake

Maneno amini, imani, amana na amani yaliingia Kiswahili kutoka Kiarabu, na yote yana konsonanti zilezile tatu ambazo maana yake ya msingi ni usalama. Kiswahili kiliyapokea kisha kikayagawia kazi tofauti. Amani ikawa hali ya utulivu kati ya watu. Imani ikachukua itikadi ya moyoni, na pia huruma, ndiyo maana mtu katili huitwa mtu asiye na imani. Amana ikabaki na kitu kinachoshikika: mali au jambo ambalo mtu amelikabidhi kwa mwingine alitunze hadi litakapohitajika.

Amana haiwezi kuelezwa bila pande tatu, yaani mwenye mali, mtunzaji na mali yenyewe. Ndiyo sababu vitenzi vinavyoandamana nayo ni vya matendo: amana huwekwa, hupokewa, hutunzwa, hurudishwa, na pengine huliwa. Katika biashara ya pwani ya karne ya 19, matendo hayo yalikuwa uti wa mgongo wa uchumi. Wafanyabiashara wa misafara walipokea vitambaa na shanga kutoka kwa matajiri wa Unguja, wengi wao wakiwa wa asili ya Kihindi, wakaingia bara na kurudi na pembe za ndovu baada ya miezi mingi au hata miaka. Kiswahili kina jina la mkataba wa aina hiyo: mali kauli, yaani bidhaa inayotolewa kwa neno la mtu. Leo mabenki ya Tanzania huziita fedha za wateja amana, na neno halijapotoka: mteja anajua ni kiasi gani, kiko kwa nani, na anaweza kukidai.

Kinyume cha kutunza amana ni hiana, neno jingine lenye asili ya Kiarabu. Mwenye hiana ni mtu aliyeaminiwa akageuka. Karibu nalo kuna kitenzi kuhini, yaani kumnyima mtu kile anachostahili kupewa. Kwa hiyo Kiswahili hakikukosa neno kali la kutaja uvunjaji wa imani. Lakini hiana ni neno lenye mtenda: ukilitamka, lazima uwe tayari kumwonyesha aliyeitenda. Sheria za nchi nazo zimelichukua neno uhaini na kulifungia ndani ya dola, likiwa jina la kosa la raia dhidi ya nchi yake. Dola inapoitendea dola nyingine hiana, msamiati wa sheria hauna jina lililo tayari.

Kati ya amana na hiana kuna maneno ya hali ya moyo. Shaka ni kutokuwa na uhakika. Wasiwasi ni shaka isiyotulia. Dhana ni kukadiria bila ushahidi, na tuhuma ni dhana iliyokwisha kuelekezwa kwa mtu. Hakuna hata moja kati ya haya linalobeba kwa ukamilifu hali ya pande mbili zilizoacha kutegemeana. Kwa hali hiyo, Kiswahili hakina shina la pekee. Kimeunda neno kwa kukanusha. Kutoaminiana ni kitenzi-jina kilichojengwa kwa kikanushi -to-, shina amini na kiambishi -an- cha kauli ya kutendana.

Umbo hilo lina athari mbili. Kwanza, kikanushi huieleza hali kuwa pengo tu, kana kwamba palikuwa na kitu kisha hakipo, bila kusema kiliondokaje. Pili, kauli ya kutendana huzisawazisha pande. Anayesema "Juma hamwamini Ali" ametaja mwenye shaka na mwenye kushukiwa, na msikilizaji ana haki ya kuuliza Ali alifanya nini. Anayesema "Juma na Ali hawaaminiani" amewaweka wote katika mizani moja, hata kama mmoja ndiye aliyekula amana na mwingine ndiye aliyenyimwa. Busara ya wahenga haikuwa na usawa huo. Methali isemayo kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka haianzi na mshtuko, inaanza na kuumwa.

3.0 Kabla ya Jumuiya: shaka yenye anwani

Mipango ya kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika ilianza chini ya Waingereza. Katika miaka ya 1920 Tume ya Hilton Young ilichunguza uwezekano wa muungano wa karibu zaidi wa maeneo haya, na wazo hilo likakabiliwa na upinzani. Kwa Waafrika wa Uganda na Tanganyika, muungano ulimaanisha hatari moja inayojulikana: kuwekwa chini ya kivuli cha masetla wa Kenya na siasa zao za ardhi.

Hofu hiyo ilidhihirika Buganda mwaka 1953. Tarehe 30 Juni, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Oliver Lyttelton, alidokeza katika hotuba mjini London uwezekano wa shirikisho la Afrika Mashariki. Kauli hiyo ilitia moto mgogoro kati ya Kabaka Mutesa II na Gavana Andrew Cohen, na tarehe 30 Novemba mwaka huohuo Kabaka alipelekwa uhamishoni, asirudi hadi Oktoba 1955. Itakuwa kosa kuueleza mgogoro huo kwa kauli ya kutendana. Baganda na masetla hawakuwa pande mbili zilizolingana ambazo kwa bahati mbaya zilikosa kuaminiana. Baganda hawakuwaamini masetla na serikali iliyowalinda, na walikuwa na sababu zinazotajika, yaani ardhi na mamlaka ya ufalme wao.

Tanganyika ilikuwa na neno lake katika kipindi hicho. Kuanzia mwaka 1946 hadi uhuru wa 1961, ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Udhamini ni uhusiano wa amana ulioinuliwa hadi ngazi ya mataifa: Uingereza ilikuwa imekabidhiwa nchi isiyo yake, na ilipaswa kutoa taarifa mbele ya Baraza la Udhamini. Tarehe 7 Machi 1955, Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza hilo mjini New York akiwa msemaji wa TANU. Nguvu ya hoja yake ilitokana na mfumo uliomruhusu kumhoji mtunzaji juu ya alichokabidhiwa. Palikuwa na amana, palikuwa na mdhamini, na palikuwa na mahali pa kudai.

Mwelekeo huohuo wa kutaja kitu kwa jina ulionekana katika mjadala wa huduma za pamoja. Tume ya Raisman ya mwaka 1961 ilikubali kwamba soko la pamoja liliinufaisha Kenya zaidi, ikapendekeza mfuko ambao sehemu ya mapato ingegawanywa ili kuzifidia Uganda na Tanganyika. Tarehe 5 Juni 1963 Jomo Kenyatta, Nyerere na Milton Obote walitangaza Nairobi azma ya kuunda shirikisho, lakini mwaka ukaisha bila shirikisho. Kufikia 1966 kila nchi ilikuwa na benki kuu yake na sarafu yake. Ndipo neno kutoaminiana likaanza kupata nafasi, kwa kuwa masetla na wakoloni hawakuwapo tena wa kulaumiwa, na walioketi mezani walikuwa ndugu.

4.0 Amana za Jumuiya, 1967 hadi 1977

Mwaka 1967 mji wa Arusha ulitajwa katika mambo mawili makubwa. Mwezi Februari lilitangazwa Azimio la Arusha, ambalo sehemu yake ya kwanza inaitwa "Imani ya TANU". Mwezi Juni marais watatu walitia saini mjini Kampala mkataba uliounda Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao makuu Arusha, na mkataba huo ukaanza kutumika tarehe 1 Desemba. Hati hizi mbili ziliihitaji imani kwa namna tofauti. Katika Azimio, imani ni itikadi inayotangazwa na chama kimoja. Katika mkataba wa Kampala, wenye itikadi zisizofanana walikabidhiana mali.

Mkataba huo haukuzitaka nchi tatu ziaminiane kwa moyo mtupu. Uliweka amana kila upande. Makao ya Shirika la Reli na Shirika la Ndege yalikuwa Nairobi, ya Bandari yakawa Dar es Salaam, ya Posta na Simu yakawa Kampala, pamoja na Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki. Kila nchi ilikuwa mtunzaji wa kitu cha wenzake na mwenye mali katika kitu kilichotunzwa na wenzake. Nchi zilizokuwa nyuma kiviwanda ziliruhusiwa kutoza kodi ya uhamisho kwa baadhi ya bidhaa kutoka nchi jirani ili kuvilea viwanda vyao vichanga. Benki ya Maendeleo ilipewa kanuni iliyo wazi zaidi: nchi zilichangia mtaji sawasawa, lakini mikopo ilielekezwa asilimia 38.75 kwa Tanzania, asilimia 38.75 kwa Uganda na asilimia 22.5 kwa Kenya.

Mfumo huu ulikuwa na udhaifu mmoja mkubwa. Juu ya mashirika yote ilikaa Mamlaka ya Afrika Mashariki, yaani marais watatu wenyewe, na ndiyo ilikuwa mahali pa mwisho pa kudai. Mwezi Januari 1971 Idi Amin aliipindua serikali ya Obote. Nyerere alikataa kuketi naye, na Mamlaka haikukutana tena. Mawaziri na watendaji waliendelea na kazi, lakini mgogoro uliowashinda haukuwa na pa kwenda. Amana zilibaki mikononi mwa watunzaji, huku meza ya kuziulizia ikiwa tupu.

Kilichofuata kinaweza kusimuliwa karibu chote kwa vitenzi vya amana. Mapato ya mashirika yaliyokusanywa katika nchi moja yalicheleweshwa au hayakupelekwa makao makuu yaliyokuwa katika nchi nyingine. Udhibiti wa fedha za kigeni, uliowekwa na kila nchi kwa sababu zake za ndani, ukawa sababu ya kutosha ya kuyashikilia. Shirika la Reli, ambalo mabehewa yake yalivuka mipaka kwa desturi ya miongo mingi, lilianza kugawanyika kwa vitendo kabla ya kugawanywa kwa maandishi. Tume ya kuupitia upya mkataba, chini ya William Demas, ilifanya kazi kuanzia mwaka 1975 bila kuzaa maafikiano.

Lugha nayo iliharibika. Upande wa Tanzania, Wakenya waliitwa manyang'au, yaani mabepari walafi kama mnyama wa jina hilo, na upande wa Kenya, ujamaa ulidhihakiwa kuwa ni uvivu na njaa. Matusi haya mara nyingi hutolewa kuwa ushahidi kwamba tofauti za itikadi ndizo zilizoua Jumuiya. Lakini itikadi hizo zilikuwapo tangu 1967, na kwa miaka kadhaa treni zilipita na barua zikafika. Kelele za itikadi zilipata wasikilizaji pale hesabu zilipoacha kufungwa.

Mwanzoni mwa mwaka 1977 ndege za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki zilisimama kwa sababu ya madeni na mzozo wa malipo, na Kenya ikaanzisha shirika lake. Tarehe 4 Februari Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Kila upande ulishikilia ilichokikuta ndani ya ardhi na maji yake: ndege, magari, mabehewa, meli. Katika Ziwa Victoria, meli mbili za kubeba mabehewa zilizokuwa za shirika moja zilitengana: MV Umoja ikabaki Tanzania na MV Uhuru ikabaki Kenya. Katikati ya mwaka huo bajeti ya Jumuiya haikupitishwa, na Jumuiya ikawa imekwisha.

Katika hatua hiyo pande zote hazikuaminiana kweli. Neno lilikuwa limepata hali ya kulistahili. Lakini hali hiyo ilikuja mwishoni mwa mlolongo wa mali zilizozuiwa, madai yasiyojibiwa na meza isiyokaliwa. Kuliweka neno mwanzoni mwa simulizi ni kuyafanya matokeo yawe chanzo.

5.0 Daftari la mgawanyo, 1977 hadi 1984

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Upatanisho uliofuata ulithibitisha methali hiyo kwa njia ya kinyume, maana ulianza kwa kuandika daftari. Mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht, aliteuliwa kuwa mpatanishi kwa msaada wa Benki ya Dunia. Hakuanza kwa kuwahimiza wahusika wapendane. Kazi ilikuwa kuorodhesha mali na madeni ya mashirika yote, kuyathamini, kisha kutafuta mgawanyo unaokubalika, huku Uganda ikiwa imepita katika vita vya 1978 na 1979 na mpaka wa Kenya na Tanzania ukiwa umefungwa.

Mgawanyo uliofikiwa ulikuwa asilimia 42 kwa Kenya, asilimia 32 kwa Tanzania na asilimia 26 kwa Uganda. Kwa kuwa mali iliyokuwa ndani ya Uganda ilipungua fungu lake, wenzake walipaswa kuifidia. Mpaka ulifunguliwa tena mwezi Novemba 1983, na tarehe 14 Mei 1984 Daniel arap Moi, Nyerere na Obote, ambaye alikuwa amerudi madarakani, walitia saini Mkataba wa Upatanishi mjini Arusha. Mkataba huohuo uliacha mlango wazi kwa kuzitaka nchi zichunguze maeneo ya ushirikiano wa baadaye.

Faida ya lugha isiyo na mtenda ilionekana hapa. Kama wapatanishi wangeshikilia neno hiana, kila upande ungetakiwa kwanza kukiri, na pengine hakuna hati ambayo ingetiwa saini. Kwa kukubali kwamba pande zote zilikosa kuaminiana, iliwezekana kuhesabu bila kuhukumu. Huo ulikuwa uungwana wenye kazi, na watafiti hawapaswi kuubeza.

Gharama yake iliwaangukia wengine. Miongoni mwa amana za Jumuiya yalikuwamo mafao ya wafanyakazi wake: watu wa reli, bandari, posta, ndege na ofisi za Arusha, ambao waliajiriwa na taasisi ya nchi tatu na kuchangia malipo yao ya uzeeni. Mkataba wa 1984 uliipa kila nchi wajibu wa kuwalipa raia wake. Kwa serikali suala hilo lilikuwa limefungwa, lakini kwa wastaafu lilikuwa limehama tu kutoka kwa mdaiwa mmoja kwenda kwa mwingine. Nchini Tanzania madai yao yalifika Mahakama Kuu, hati ya makubaliano ikafikiwa mwaka 2005, na hata baada ya hapo wazee waliendelea kukusanyika Dar es Salaam wakidai kwamba hawajalipwa kikamilifu. Miaka 28 ilikuwa imepita kati ya kuvunjika kwa Jumuiya na hati hiyo.

Kwa wastaafu hao, kutoaminiana si neno la kufaa hata kidogo. Wao hawakuwa na cha kurudisha kwa mtu. Walikuwa wameshafanya kazi. Uhusiano wao na serikali ulikuwa wa upande mmoja, wa mwenye amana na mtunzaji. Kauli ya kutendana inayowapatanisha marais haiwezi kumweleza fundi wa reli anayesubiri mafao, na historia inayoandikwa kwa kauli hiyo peke yake humwacha nje.

6.0 Neno katika Jumuiya iliyohuishwa

Ushirikiano ulirudi kwa hatua. Tarehe 30 Novemba 1993 iliundwa Tume ya Kudumu ya nchi tatu, sekretarieti yake ikaanza kazi Machi 1996, na Mkataba wa Jumuiya ukatiwa saini tarehe 30 Novemba 1999, kisha ukaanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Kila nchi inayoingia huja na kumbukumbu zake za kuumwa.

Mkataba mpya haukurudia kosa la kukabidhi mali nyingi za pamoja bila pa kudai. Una Mahakama ya Afrika Mashariki na Bunge, na unajengwa zaidi juu ya kanuni za soko kuliko mashirika ya umma. Hata hivyo, amana hazikwisha, zilibadilika sura. Michango ya bajeti ambayo nchi huitoa ni amana, na malimbikizo yake yamekuwa ajenda ya kudumu. Vyeti vya asili ya bidhaa ni amana ya neno: nchi moja inaamini maandishi ya ofisa wa nchi nyingine. Dhamana ya forodha kwa mizigo inayopita ni amana iliyoandikwa, na huenda ndiyo mfano bora zaidi wa kuamini kunakofanya kazi bila kutegemea moyo wa mtu.

Mfano wa mwaka 2021 unaonyesha tofauti kati ya njia mbili za kusema. Mwezi Machi mwaka huo Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Katika mjadala wa umma uliofuata, wengi waliliona zuio hilo kuwa dalili nyingine ya majirani kutoaminiana, na kwa lugha hiyo hapakuwa na la kufanya ila kungoja wakuu wakutane. Lakini katika siku chache zuio lilibadilishwa kuwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na shehena iwe na cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Masharti hayo yalikuwa mazito kwa wafanyabiashara wadogo na yaliweza kujadiliwa, kulegezwa au kupingwa, kwa kuwa yalitaja kitu, kipimo na mwenye wajibu. Ziara ya Rais Samia Suluhu Hassan mjini Nairobi mwezi Mei ilituliza hali, ila kilichopaswa kuendelea baada ya ziara ni maabara, mihuri na vyeti vinavyokubaliwa pande zote.

Hapa ndipo Kiswahili chenyewe kinapoingia katika sera. Ibara ya 137 ya Mkataba inakitaja kuwa lugha ya mawasiliano mapana itakayoendelezwa, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki imekuwa ikifanya kazi Zanzibar tangu 2015. Mara nyingi jukumu hilo huelezwa kama kutafuta istilahi za mambo mapya. Historia ya neno kutoaminiana inadokeza jukumu jingine, nalo ni kuyatumia kwa usahihi maneno ambayo lugha inayo tayari. Taarifa inayosema "pande zote zilibaini hali ya kutoaminiana" na taarifa inayosema "amana fulani iliyo mikononi mwa fulani haijarudishwa" zote ni Kiswahili fasaha, lakini ya pili tu ndiyo inayoweza kufuatiliwa katika kikao kijacho.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba kutoaminiana, kwa umbo lake, ni neno la pengo na la usawa. Linafaa kuelezea hali iliyokwisha kutokea kwa pande zote, na linafaa mezani pa upatanishi ambapo kumtaja mkosaji kungevunja mazungumzo. Halifai kuwa jibu la swali la kwa nini. Jumuiya ya 1967 haikufa kwa sababu wakazi wake walikosa kuaminiana. Iliandaa amana nyingi kwa uangalifu, ikaacha mlango mmoja tu wa kuzidai, na mlango huo ulipofungwa mwaka 1971, kila mtunzaji akawa mwamuzi wa alichokishika.

Kwa watafiti, fundisho ni la mbinu. Panapotajwa kutoaminiana katika kumbukumbu, inafaa kurudi nyuma hadi kwenye leja, barua za malipo na mihtasari ya vikao, ili kuona ni amana ipi iliyotangulia kuzuiwa. Kwa washauri wa sera, fundisho ni la uandishi. Kabla neno hilo halijaingia katika taarifa ya pamoja, ni vyema maswali matatu yapate majibu ndani ya taarifa hiyohiyo: ni nini kilichokabidhiwa, kiko kwa nani, na mwenye nacho atakidai wapi. Maswali hayo hayahitaji urafiki wa viongozi. Katika Jumuiya yenye wanachama 8, ambako nafasi ya nchi mbili kukwaruzana wakati wowote ni kubwa kuliko ilivyokuwa kwa nchi 3, kuyaacha bila majibu ni kurithisha wengine foleni ya wastaafu wa 1977.